Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Elimu ya Juu: Uzamili wa TEHAMA Usiishie Kwenye Hojaji

Kwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia;
Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania;
Kwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vinavyotoa shahada ya uzamili ya TEHAMA;
Nakala: Benki Kuu ya Tanzania, Mamlaka ya Serikali Mtandao, na kampuni za simu.

Wakubwa zangu, shikamooni.

Nina miaka 34. Ninafanya kazi kwenye mifumo ya malipo hapa Dar es Salaam, na nina shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari niliyoisoma jioni, nikiwa kazini, kwa miaka miwili na nusu. Chuo nilichosoma sitakitaja, kwa sababu nimezungumza na wenzangu wa vyuo vingine na hadithi yao ni hii hii yangu.

Mwaka wa pili nilipeleka pendekezo la utafiti. Nilitaka kuchunguza jambo linalomkuta karibu kila mwenye simu nchini: umetuma pesa kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, salio lako limepungua, mpokeaji hajaona kitu, na ujumbe unakuambia muamala unashughulikiwa. Unashughulikiwa wapi? Na nani? Kwa muda gani? Kazini kwangu maswali hayo ndiyo mkate wa kila siku. Nilitaka kuyafanyia kazi kwa utulivu ambao ofisi haitoi, nikiwa na msimamizi juu yangu na vitabu mbele yangu.

Kamati ilinisikiliza kwa dakika kama kumi. Mmoja akauliza, data utaitoa wapi? Nikajibu kwamba nitaomba. Akatikisa kichwa kwa huruma, maana alishawaona wengi walioomba. Mwingine akanishauri kwa nia njema kabisa: tengeneza hojaji, utamaliza kwa wakati.

Nikatengeneza hojaji. Kichwa cha tasnifu yangu kikawa miongoni mwa vile mnavyovijua, vinavyoanza na "Mambo yanayoathiri matumizi ya". Nilizunguka Kariakoo na karatasi 120, nikiwauliza wenye maduka wanakubaliana kwa kiwango gani, kuanzia 1 hadi 5, na sentensi isemayo "huduma hii ni rahisi kutumia". Mama mmoja anayeuza vitenge aliisoma karatasi yote kwa makini, akanirudishia, akaniuliza: "Mwanangu, hela yangu iliyokwama Jumatatu, karatasi hii itairudisha?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilipata alama nzuri.

Wakubwa zangu, ninaandika kwa ajili ya lile swali la mama wa vitenge. Naomba mnivumilie nieleze kilichomo ndani yake, maana ndicho nilichonyimwa kukisoma.

Katika elimu ya kompyuta kuna fumbo la zamani la majemadari wawili. Ni wa jeshi moja, kila mmoja amepiga kambi juu ya kilima chake, na adui yuko bondeni katikati. Wakishambulia pamoja watashinda. Akishambulia mmoja peke yake, amekwisha. Njia yao pekee ya kuwasiliana ni tarishi anayepita bondeni, na tarishi anaweza kukamatwa. Wa kwanza anatuma neno: tushambulie alfajiri. Limefika? Hajui mpaka ajibiwe. Wa pili anajibu: sawa. Jibu limefika? Naye hajui mpaka aambiwe kwamba limefika. Imethibitishwa kwamba hata wakitumiana matarishi elfu moja, hakuna kati yao atakayefikia uhakika kamili. Yule wa mwisho kutuma atabaki na shaka daima.

Kampuni mbili za simu zinapopelekeana pesa ya mama wa vitenge ndizo hao majemadari. Ombi limetoka, jibu halijarudi. Pengine pesa imeingia upande wa pili na jibu ndilo lililopotea njiani. Pengine haikuingia kabisa. Ukirudia ombi ovyo, unaweza kulipa mara mbili. Usiporudia, fedha ya mtu inaning'inia. Mafundi wa dunia nzima wamepata namna ya kuishi na fumbo hili bila kulitegua: kila ombi lipewe namba yake isiyofanana na nyingine, upande wa pili uikumbuke namba hiyo, ili ombi hilo hilo likija mara tatu lilipwe mara moja tu. Kisha kila siku vitabu vya pande zote vilinganishwe, na yaliyokwama yakwamuliwe.

Hadi hapo ni kazi ya kitabu. Kazi ya utafiti inaanzia hapo. Mfumo usubiri sekunde ngapi kabla ya kusema muamala umeshindikana? Jibu linalofaa nchi yenye mtandao usioyumba linaweza kuwa baya kwa wakala wa Namtumbo wakati wa masika. Ukirudisha pesa mapema mno, utajikuta umeirudisha ilhali ilishafika. Ukichelewa, mama amekosa mtaji wa siku mbili. Kuna namna ya kuupima uamuzi huo, kuandika programu ya kuuigiza, kuujaribu kwa mtiririko wa miamala ya kweli na kusema: kwa hali yetu, fanyeni hivi. Kazi ya namna hiyo ingetosha tasnifu tano, na kila moja ingekuwa na msomaji anayeisubiri.

Badala yake mimi nilithibitisha, kwa programu ya takwimu ya SPSS, kwamba watu hutumia zaidi kitu wanachokiona rahisi.

Simdharau aliyebuni modeli niliyoitumia, ile ya kupima kama watu wataikubali teknolojia. Mwaka 1989 Fred Davis alijiuliza kwa nini watu maofisini hukataa programu za kompyuta zinazoweza kuwasaidia, akaenda kuwauliza watumiaji, wakiwemo wafanyakazi wa maabara ya IBM mjini Toronto waliokuwa wakitumia barua pepe ya kompyuta kubwa za wakati ule. Swali lake lilikuwa swali la kweli la watu wake. Ila pesa za simu Tanzania zilianza mwaka 2008, na Kariakoo hakuna anayejiuliza kama azikubali. Walishazikubali kitambo, wakajenga biashara zao juu yake. Maswali yao ya leo ni mengine: kwa nini imekwama, kwa nini makato ni haya, nani amenitapeli, na kwa nini siku ile huduma zote zilizima kwa pamoja. Fungueni hazina za mtandaoni za tasnifu za vyuo vyetu mjionee ni ngapi zinazorudia lile swali la 1989, zikibadilisha tu jina la huduma na jina la wilaya.

Sasa kuna sababu mpya ya kuliacha swali hilo, nayo haitusubiri. Tangu ChatGPT ilipotoka mwishoni mwa Novemba 2022, tasnifu ya namna ile inaandikwa na mashine kwa usiku mmoja. Sura ya mapitio ya maandiko inaandikika. Hojaji inaandikika. Nasema hili kwa uchungu, lakini hata majibu ya wahojiwa 120 yanaweza kutungwa na kuonekana ya kweli kabisa kwenye jedwali. Vyuo vinajitetea kwa programu za kukamata maandishi ya mashine. Ninawashauri msizitegemee sana. Zinakosea pande zote mbili, na ninamfahamu mwanafunzi aliyeandika kila neno kwa mkono wake akalazimika kujitetea mbele ya jopo kwa sababu programu ilimshuku. Dawa iko kwenye kazi yenyewe. Mwanafunzi ajenge kitu, akiendeshe mbele ya watahiniwa wenzake na watahini wake, kisha mtahini akivunje papo hapo, akate mtandao katikati ya muamala, na aulize: kimetokea nini na kwa nini? Aliyekijenga atajibu. Ambaye hakukijenga ataonekana ndani ya dakika tano, hata kama mashine ilimsaidia kuandika kila mstari. Wala mimi sioni kosa mashine kumsaidia kuandika mistari, alimradi yeye mwenyewe anajua kinachoendelea ndani yake.

Nafahamu kwamba watu wa sekta wanapowajia huwa na malalamiko mengine. Wanasema wahitimu hawajui zana za kisasa, chuo kifundishe Kubernetes, kifundishe wingu la kampuni fulani, kifundishe lugha fulani ya programu inayotafutwa kwenye matangazo ya kazi. Mimi niko kwenye sekta hiyo na nawaomba msiwasikilize moja kwa moja. Kwenye shahada ya kwanza nilifundishwa Flash, zana ya kutengenezea picha za kutembea kwenye tovuti, muhula mzima. Adobe waliizima mwisho wa mwaka 2020, na muhula wangu ukaenda nayo. Muhula huo huo mwalimu mwingine, mzee mwenye chaki, alitufundisha namna ya kupanga data katika majedwali kwa misingi aliyoiandika Edgar Codd mwaka 1970, na elimu hiyo ndiyo inanilisha mpaka leo, kila siku ya Mungu. Zana nitajifunza kazini kwa wiki tatu. Kitu nisichokipata kazini ni mtu wa kunikalisha chini na kunilazimisha kuelewa kwa nini. Mwelekeo wa sekta upimwe kwa matatizo inayopambana nayo, na uzamili uyachukue matatizo hayo uyashushe hadi kwenye misingi.

Turudi kwenye data, kwa sababu kila mazungumzo ya aina hii hugonga mwamba hapo.

Kwenye mtandao kuna mkusanyiko wa data ya miamala ya simu unaotumiwa na wanafunzi duniani kote kujifunza kutambua utapeli. Una rekodi zaidi ya milioni 6. Umetengenezwa na programu iitwayo PaySim, aliyoijenga Edgar Lopez-Rojas na wenzake katika chuo kimoja cha Sweden. Data yenyewe ni ya bandia, hakuna mteja halisi ndani yake, lakini mwenendo wake ulifinyangwa kutokana na kumbukumbu halisi za mwezi mmoja za huduma ya pesa za simu katika nchi moja ya Afrika. Nchi hiyo haikutajwa.

Nilipoyasoma maelezo hayo kwa mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda mrefu. Kumbe inawezekana. Kumbe kuna namna ya kuchukua kumbukumbu za miamala ya Waafrika, kuzichuja mpaka jina la mtu lisibaki, na kumpa mwanafunzi akazifanyia kazi. Iliwezekana Sweden. Mwanafunzi wa Dar es Salaam, ambaye ofisi ya kampuni ya simu iko umbali wa vituo vitatu vya mwendokasi kutoka chuoni kwake, anazipakua kutoka ng'ambo, zikiwa na umri wa miaka kadhaa, kisha anaandika tasnifu kuhusu utapeli wa nchi asiyoijua. Wakati huo huo utapeli wa kwetu, ule wa "tuma kwa namba hii", una lugha yake, saa zake na mbinu zake ambazo mkusanyiko ule hauzijui.

Taasisi zinapokataa kutoa data siku hizi hutaja Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Mimi mwenyewe sitaki mwanafunzi yeyote aone nilimtumia nani pesa. Ila hatuombi taarifa binafsi. Tunaomba mwenendo: saa, kiasi, aina ya muamala, muda uliotumika, umefaulu au umekwama. Tunaomba data bandia iliyofinyangwa kutoka kwenye ya kweli, ikaguliwe na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla haijatoka, na iwekwe sehemu moja ambapo mwanafunzi wa Dodoma, wa Mbeya, wa Arusha na wa Zanzibar ataifikia bila kumjua mtu. Sehemu hiyo ya "kumjua mtu" ndiyo inayoumiza. Wanafunzi wanaopata data leo ni wale wenye mjomba ndani.

Sina maana ya pesa za simu peke yake. Mfumo wa serikali wa malipo, GePG, umekuwepo tangu 2017, na kila aliyelipia leseni au ada anaijua ile namba ya kumbukumbu ya malipo. Benki Kuu ina mfumo wa malipo ya papo kwa papo, TIPS, unaounganisha benki na kampuni za simu. Mifumo hii imejengwa na Watanzania, wengi wao wamepita kwenye vyuo hivi hivi. Ni mambo ya kujivunia kweli. Nilikaa madarasani miaka miwili na nusu na sikufundishwa hata saa moja kuhusu namna mmojawapo ulivyojengwa: nini kilichaguliwa, nini kiliachwa, wapi ulielemewa, wapi walikosea wakarekebisha. Tulisoma mfumo wa kuweka nafasi za ndege wa Marekani. Wajenzi wa mifumo yetu wapo, wanapanda daladala na sisi, na wengi wangekuja kufundisha jioni mbili kwa mwezi kama wangealikwa kwa heshima na chuo kikawa na utaratibu wa kuwatambua.

Nitoe mfano mmoja wa swali ambalo nchi iliulizwa bure. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za intaneti za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika karibu na Durban, Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Siku zile nilishuhudia jambo la ajabu: huduma ambazo seva zake ziko Dar es Salaam na watumiaji wake wako Dar es Salaam zilikwama nazo. Kwa nini? Kwa sababu ndani ya huduma nyingi za nyumbani kuna vipande vilivyo ng'ambo: wa kuthibitisha nywila yuko Ulaya, wa kutafsiri jina la tovuti yuko Marekani, wa kutuma ujumbe wa uthibitisho yuko Afrika Kusini. Bado njia ndani ya nchi ilikuwepo. Mkongo wa Taifa ulikuwa mzima, na kituo cha kubadilishana mitandao cha TIX kipo hapa hapa Dar es Salaam. Huduma zipi zilisimama, zipi zilidumu, na zile zilizodumu zilijengwaje? Hilo ni swali la uzamili lenye tarehe, lenye ushahidi, lenye faida kwa taifa zima, na kumbukumbu za siku zile bado zilikuwa mbichi kwenye seva za taasisi. Nyaya zikatengenezwa, maisha yakaendelea, na kumbukumbu za namna hiyo kwa kawaida hufutwa baada ya miezi michache kupisha nafasi.

Au chukueni Kiswahili chenyewe. Mashine hizi za akili mnemba hukatakata maneno kabla ya kuyasoma, na vipande vyake vimepangwa kwa kuzoea Kiingereza. Neno letu kama "tulivyowapelekea", lenye mtenda, wakati, namna na mtendwa ndani yake, linakatwa vipande vingi visivyolingana na viungo vyake. Huduma hizi zikitozwa kwa idadi ya vipande, Mswahili analipa zaidi kwa kusema jambo lile lile. Nani mwenye wajibu wa kulishughulikia zaidi ya mwanafunzi wa TEHAMA anayekaa jengo la pili kutoka kwa walimu wa isimu ya Kiswahili? Katika miaka yangu yote sikuona hata siku moja walimu wa majengo hayo mawili wakisimamia tasnifu kwa pamoja.

Hapo nafika kwenye usimamizi, nalisema kwa adabu. Kwa kawaida anayesimamia tasnifu ya uzamili sharti awe na uzamivu. Kanuni ina maana yake, sitaki iondolewe. Lakini katika fani hii wenye uzamivu ni wachache, wanasimamia wanafunzi wengi kupita kiasi, na hawana muda wa kukaa ndani ya mfumo unaofanya kazi. Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema aliyechoka. Alikuwa akisoma sura zangu usiku wa manane, najua kwa sababu maoni yake yalikuwa na saa. Hakuniacha kwa uvivu. Hojaji ndiyo kitu ambacho mtu mwenye wanafunzi wengi kiasi kile anaweza kukisimamia bila kupotea. Mpeni mwenza. Ruhusuni rasmi, kwa maandishi, mhandisi mwenye uzoefu wa miaka kadhaa kwenye sekta awe msimamizi wa pili, jina lake liandikwe kwenye tasnifu na posho yake ijulikane. Mwenye uzamivu alinde ukali wa utafiti, na mhandisi alinde ukweli wa tatizo.

Mtasema fedha. Mwaka 2021 nchi ilikopa Benki ya Dunia dola milioni 425 kwa mradi wa HEET, kwa ajili ya majengo, mafunzo ya wahadhiri na mitaala mipya ya vyuo vikuu. Majengo nimeyaona, ni mazuri. Mengi ninayoyaomba hapa yanagharimu kidogo kuliko madirisha ya jengo moja: hazina ya data, kanuni ya msimamizi wa pili, na aina mpya ya tasnifu inayokubalika na Seneti. Kigali, Serikali ya Rwanda iliingia makubaliano na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon cha Marekani mwaka 2011, wakaleta uzamili wa teknolojia ya habari mlangoni mwao. Chuo cha Georgia Tech, nacho cha Marekani, tangu Januari 2014 inafundisha uzamili wa kompyuta kwa mtandao, kwa ada ya jumla ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 7,000 hivi, na wanafunzi wake ni zaidi ya 10,000. Kijana wa Kijitonyama mwenye bando anaweza kujiunga nao leo. Nadharia ataipata kwao, pengine bora kuliko yetu. Wasichoweza kumpa ni TIPS, ni GePG, ni mama wa vitenge. Hivyo ni vyetu peke yetu, na tumevifungia nje ya darasa.

Kuna historia moja ambayo vijana wengi wa fani hii hawaijui, na nimeona viongozi pia hawaitaji. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu miaka ya 1960, na jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine lilikuwa limevurugika na kuigharimu nchi. Mitambo ilikuwa ya wageni, wataalamu walikuwa wa wageni, na mambo yalipoharibika hakukuwa na Mtanzania wa kutosha mwenye ujuzi wa kusema tatizo liko hapa. Serikali isiyoelewa kilichomo ndani ya sanduku ilibaki na uamuzi mmoja, kulitoa nje. Tulipoteza miaka mingi. Leo sanduku ni kubwa mara elfu, limebeba mishahara, kodi na akiba za watu, na hakuna wa kulitoa nje tena.

Mwongozo wa sifa za vyuo vikuu unasema uzamili ni krediti 180 kwa uchache, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Ni saa 1,800 za mtu mzima, nyingi zikiwa zimeibwa kutoka kwa watoto wake na usingizi wake. Nawaomba, kuanzia udahili ujao, muwaruhusu wanafunzi wa uzamili wa TEHAMA kuzitumia saa hizo kwenye mifumo ya nchi yao. Tume itoe mwongozo unaoitambua tasnifu ya kujenga na kuchunguza mfumo kuwa sawa na tasnifu ya hojaji. Benki Kuu, Mamlaka ya Serikali Mtandao na kampuni za simu zitoe kila mwaka data bandia na orodha ya matatizo yao halisi. Vyuo viache mlango wazi kwa msimamizi wa pili. Nipo tayari kufundisha bila malipo muhula wa kwanza, na nimeshaongea na wenzangu wanne kazini waliosema hivyo hivyo.

Kuna binti kazini kwetu, ana miaka 26, ndiye mkali kuliko sote katika timu. Wiki iliyopita aliniuliza kama achukue fomu ya uzamili. Nikamwuliza angependa kutafiti nini. Akafungua daftari lake akanionyesha ukurasa aliochora mishale na masanduku: anataka kujua kwa nini miamala inayokwama huongezeka siku za mishahara hata pale ambapo mitambo haijaelemewa. Ana dhana yake, na mimi nadhani amepatia. Akaniuliza, "Dada, watanikubalia?"

Nimemwambia dirisha la maombi halijafungwa, asubiri kidogo niwaulize wenyewe.

Wasalaam,

Mhitimu wa uzamili wa teknolojia ya habari,
Dar es Salaam